Subira, Fadhila na Hiari: Mapenzi ya Kucheleweshwa katika Mifululizo ya Riwaya za Upelelezi

Wahakiki wa fasihi ya Kiswahili wamezoea kuzigawa riwaya pendwa katika makundi mawili makuu, ya mapenzi na ya upelelezi, kisha kuzijadili kana kwamba msomaji wa kundi moja si msomaji wa kundi la pili. Mgawanyo huu unafaa darasani. Hata hivyo, haumwelezi msomaji ambaye amekuwapo kwa karibu karne moja sasa: yule anayefuata mfululizo wa riwaya, kitabu baada ya kitabu, ambamo mwanamume na mwanamke hukutanishwa na maiti, wakashirikiana kumtafuta muuaji, wakampata, wakaagana bila ya kuambiana lililo moyoni, kisha wakakutanishwa tena na maiti mwingine. Muuaji hujulikana mwishoni mwa kila kitabu. Hatima ya penzi haijulikani mpaka kitabu cha tatu, cha tano au cha kumi. Aghalabu visa hivi huwekwa katika wakati uliopita, London ya karne ya kumi na tisa au Misri chini ya Waingereza, na ukimsikiliza msomaji wake utamwona akilitafuta jina la muuaji kwa shida, ilhali anakumbuka barabara ni katika sura gani wale wawili walishikana mikono.

Swali linalozushwa na usomaji wa namna hii ni la kimaadili kabla ya kuwa la kifani. Je, kule kucheleweshwa kwa penzi kuna thamani yoyote, au ni chambo cha mchapishaji anayetaka kitabu cha pili kinunuliwe? Majibu yaliyozoeleka ni mawili. La kwanza ni la mhakiki mwenye dharau: taharuki ni taharuki, na msomaji anayengoja busu kwa vitabu vitano ni mteja aliyenaswa. La pili ni la mtetezi mwenye nia njema: kungoja ni mafunzo ya subira, na subira ni sifa iliyoadimika katika zama za pupa. Majibu yote mawili yana kasoro ile ile. Yanaupima urefu wa muda bila ya kuuliza muda huo ni wa nani na unatumiwa kufanya nini. Makala haya yanashikilia kwamba ucheleweshaji huwa na uzito wa kimaadili pale ambapo mmoja wa wapenzi hayuko huru kukataa, na muda unaopita ni muda wa kumrudishia uhuru huo. Pasipo sharti hili, kuchelewa ni kurefusha kitabu tu.

Mfano utakaotegemewa ni riwaya nne za Mwingereza Dorothy L. Sayers (1893–1957): Strong Poison (1930), Have His Carcase (1932), Gaudy Night (1935) na Busman's Honeymoon (1937). Zilipotoka zilikuwa riwaya za wakati wake. Leo husomwa kama picha ya zama zilizopita, na mengi yaliyoandikwa baadaye katika utanzu huu yanadaiwa nazo. Yafaa ikumbukwe kwamba zilizaliwa katika mazingira yaliyoyakataa mapenzi. Mwaka 1928 mwandishi wa Kimarekani S. S. Van Dine alitoa kanuni ishirini za riwaya ya upelelezi, na mojawapo iliyapiga mapenzi marufuku, kwa hoja kwamba hisia huvuruga zoezi la akili. Mwaka huo huo Sayers mwenyewe, katika utangulizi wa mkusanyo wa hadithi fupi, alilalamika kwamba mapenzi huikwamisha hadithi ya upelelezi. Miaka miwili baadaye akamuumba Harriet Vane. Katika insha yake ya mwaka 1937 alieleza kwamba nia yake ya awali ilikuwa kumwoza mpelelezi wake, Lord Peter Wimsey, apate kuachana naye. Alipofika mwisho wa kitabu akaona ndoa hiyo haiwezekani. Mwanamke aliyemuumba asingeweza kuikubali posa ile na bado akabaki na heshima yake. Kauli hii ina umuhimu mkubwa kwa mjadala uliopo, kwani inaonyesha kwamba ucheleweshaji haukupangwa kama chambo. Mwandishi aligonga kizuizi cha kimaadili ndani ya kazi yake mwenyewe, na akahitaji miaka mitano na vitabu viwili zaidi kukiondoa.

Kizuizi chenyewe ni hiki. Harriet Vane, naye mwandishi wa riwaya za upelelezi, anashtakiwa kwa kumuua kwa arseniki Philip Boyes, mwanamume aliyekuwa akiishi naye bila ya ndoa. Boyes alikuwa amemshawishi kwamba yeye haiamini ndoa kabisa. Alipokwisha kukubaliwa kwa masharti hayo, akageuka na kumposa, ikawa kana kwamba muda wote ule alikuwa akimpima. Harriet akamwacha kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo inayotumiwa mahakamani kama sababu ya kuua. Jopo la wazee wa mahakama linashindwa kuafikiana, kesi inaahirishwa ili isikizwe upya, na Wimsey anautumia muda huo kumsaka muuaji wa kweli. La kushangaza ni kwamba anamposa Harriet siku ya kwanza anapomtembelea gerezani, kabla hajathibitisha lolote. Harriet anakataa. Anaondolewa hatia, anaachiwa huru, na bado anakataa.

Kiswahili kina neno linalolitaja tatizo hili kwa usahihi ambao mhakiki wa Kiingereza hulazimika kuutafuta kwa sentensi nzima: kusimanga. Kusimanga ni kumkumbusha mtu fadhila uliyomtendea ili ajione mdogo mbele yako. Wimsey hasimangi. Hamwambii Harriet kwamba alimwokoa kutoka kitanzini. Lakini fadhila iliyopita kiasi ina simango lake ndani yake na haihitaji kinywa; kila Harriet anapomwona mtu huyu, shingo yake mwenyewe ndiyo inayomkumbusha. Kumkubali kungekuwa kulipa deni; kumkataa kunaonekana utovu wa shukrani. Hakuna jibu lililo lake. Hapa ndipo suala la kifalsafa linapojitokeza wazi: ridhaa ambayo mdaiwa humpa mdai wake ni ridhaa ya namna gani? Sheria ya mikataba ya Kiingereza inatambua kutishwa, na inatambua pia ushawishi usiofaa wa mwenye nguvu juu ya mnyonge. Kubanwa kunakotokana na wema mtupu, ambako mtenda wema hakukukusudia, hakuna mahakama yenye kukusikiliza. Riwaya ndiyo inayoweza kukusikiliza, na hata yenyewe inahitaji muda.

Msomaji wa Kiswahili atakuwa ameshaikumbuka methali isemayo kwamba mvumilivu hula mbivu. Methali hii imetumiwa mno kuwasifu wapenzi wenye kungoja, lakini ikitazamwa kwa makini inafichua kasoro ya sifa hizo. Anayesifiwa ni anayengoja. Anachongojea ni tunda. Tunda halina hiari. Likiachwa mtini litaiva, na atakayelila ni yule aliyeketi chini ya mti kuliko wenzake. Mwanamume anayerudia posa mwaka baada ya mwaka akiamini kwamba iko siku mwanamke atalainika hana subira yenye thamani yoyote ya kimaadili. Amemzingira tu, kama jeshi linavyozingira mji likingoja chakula kiishe ndani. Mwindaji naye hungoja, tena bila ya kuchoka.

Ni lazima isemwe kwamba Wimsey huanza hivi. Uhakiki unaomwona tangu mwanzo kuwa kielelezo cha mwanamume mstaarabu haujasoma kwa makini. Mtu anayemposa mfungwa anayekabiliwa na kitanzi amekosa adabu, hata kama moyo wake ni safi. Desturi ya posa ya pwani ilimweka mshenga katikati kwa sababu nzuri: jibu la kukataa lipite kwa mtu wa tatu, pasiwe na aliyeumbuliwa. Harriet hana mshenga. Au, kwa usahihi zaidi, mshenga wake ni maiti, jambo litakalorejelewa hapa chini. Anayesoma Strong Poison peke yake ana haki ya kuuona mwisho wake kuwa mwanzo wa mzingiro.

Katika Have His Carcase hali inazidi kuwa mbaya kabla ya kutengenea. Harriet, akitembea kwa miguu kando ya pwani ya kusini ya Uingereza, anaikuta maiti ya mcheza dansi juu ya mwamba, koo limekatwa, damu ingali mbichi. Wimsey anafika upesi. Haimchukui Harriet muda kung'amua sababu: mwanamke aliyewahi kushtakiwa kwa kuua, akikutwa karibu na maiti, ndiye wa kwanza kushukiwa, na Wimsey amekuja kumkinga. Fadhila ya pili imewekwa juu ya ile ya kwanza, na safari hii bila ya kuombwa. Ugomvi unaozuka kati yao ndio kiini cha kitabu. Wimsey analipuka na kukiri kwamba shukrani ya Harriet ni mzigo kwake pia, na kwamba mizaha anayoifanya kila anapomposa ni njia yake ya kumrahisishia kukataa. Baada ya hapo kitabu kinarudi kwenye saa za maji kujaa na kupwa na kwenye barua iliyoandikwa kwa herufi za siri, na sehemu hizo ni ndefu kupita haja. Ugomvi lakini hauwezi kurudishwa nyuma. Kwa mara ya kwanza deni limetajwa kwa jina lake na wote wawili, na deni lililotajwa ni nusu ya deni lisilotajwa.

Gaudy Night ni riwaya ya namna nyingine, na ndiyo iliyompa utanzu huu heshima aliyonayo msomaji makini kwake. Inatokea katika chuo cha wanawake cha kubuni, Shrewsbury, huko Oxford. Chuo Kikuu cha Oxford kilianza kuwatunuku wanawake digrii mwaka 1920, na Sayers, aliyemaliza masomo yake Somerville mwaka 1915, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzipokea. Yafaa itiliwe maanani kwamba katika riwaya hii hakuna anayeuawa. Kuna barua za matusi, kuna uharibifu wa vitabu na maandishi ya kitaaluma, kuna hofu inayowafanya wanazuoni waheshimiwa kutazamana kwa shaka. Lakini maiti hakuna. Baada ya riwaya mbili ambazo kifo ndicho kilichowakutanisha, Sayers anawapa wapenzi wake mahali ambapo Harriet ameitwa kwa ajili ya akili yake, anafanya kazi kwa miezi bila ya Wimsey, na ni yeye anayeomba msaada anapoona haja.

Yanayofuata ni mambo madogo madogo, na uzito wake hauonekani ila kwa msomaji aliyevipitia vitabu vilivyotangulia. Wimsey anajua kwamba Harriet yumo hatarini. Hamwamuru aondoke, bali anamfundisha namna ya kujinasua akikabwa na anamnunulia ukosi wa mbwa aukinge nao shingo. Anausoma mswada wake na kumwambia kwamba mhusika wake mmoja hana uhai, kwamba amtie hisia za kweli hata kama kuandika hivyo kutamuumiza. Hapa ndipo usawa unapoanza: Harriet anatendewa kama mwandishi. Kisha kuna sataranji ya pembe anayoitamani dukani na kuikubali kama zawadi, yeye ambaye hajawahi kukubali kutoka kwa mtu huyu kitu chochote isipokuwa uhai wake. Haikai muda inavunjwavunjwa na yule adui asiyejulikana, na kilio cha Harriet juu ya vipande vyake kinamfichulia jambo ambalo posa zote zile hazikuweza kumfichulia.

Lililo zuri kupita yote ni la kisarufi. Wimsey amekuwa akileta posa yake kila tarehe 1 Aprili, Siku ya Wajinga, na katika kitabu hiki mojawapo inafika kwa Kilatini, ikianza na kile kiulizi ambacho katika lugha hiyo hutarajia jibu la hapana. Mwishoni mwa kitabu anauliza tena kwa Kilatini, kwa maneno ya sherehe ya kutunuku digrii ya Oxford na kwa kumwita Harriet kwa cheo chake cha kitaaluma. Safari hii kiulizi alichokichagua hakielemei ndiyo wala hapana. Msomaji wa Kiswahili anaielewa tofauti hii bila ya kufunzwa Kilatini. Anayeuliza "Utakuja, sivyo?" ameshajijibu. Anayeuliza "Kwani utakuja?" naye ameshajijibu. Anayeuliza "Je, utakuja?" amenyamaza. Safari ya miaka mitano ni safari ya kutoka swali lililoinama hadi swali lililosimama wima, na mtu asiyekuwa na subira ya kuusoma mwaka wa kwanza hawezi kuusikia ukimya huo.

Riwaya hii haina majibu rahisi, na mtu anayeisoma kwa jicho la kitabaka atatambua kwamba mhalifu wake ni mtumishi. Annie ni mjane. Mumewe alikuwa mwanahistoria aliyeficha hati iliyoibomoa hoja ya tasnifu yake. Mwanazuoni mmoja wa kike akaligundua hilo na kulifichua. Mume akapoteza digrii na kazi, akajiua. Mashtaka ya Annie dhidi ya wanazuoni wale ni mazito: karatasi moja ya zamani ina thamani gani mbele ya mkate wa watoto? Sayers anaipa hoja hiyo nguvu yake yote, kisha anasimama upande wa ukweli wa kitaaluma. Hata hivyo kuna jambo analoliacha pembeni. Harriet anaweza kusita kwa miaka mitano kwa kuwa kalamu yake inamlisha. Hiari inayorudishwa kwa polepole, na kwa uangalifu wote ule, inarudishwa kwa mwanamke mwenye kipato, na wa kuwangojea wengine hakuwapo. Annie hakuwahi kupewa hata siku moja ya kusita.

Hoja ya maiti kama mshenga ndiyo pingamizi kubwa zaidi dhidi ya mifululizo hii, na ni ajabu kwamba watetezi wake huigusa kwa nadra. Kila mara wapenzi wanapohitaji kukutana, mtu hana budi kufa. Msomaji anayetamani kuwaona pamoja anatamani, bila ya kujikubalia, kifo cha mtu asiyemjua. Anafungua kitabu kipya akiwa na furaha ya mtu anayekwenda arusini, na tiketi yake ni mazishi ya mwingine. Inaweza kujibiwa kwamba vifo hivi ni vya kubuni. Ni kweli, lakini mapenzi nayo ni ya kubuni, na hakuna mtetezi anayedai kwamba machozi ya msomaji juu ya mapenzi hayo hayana maana.

Sayers alilijibu pingamizi hili katika Busman's Honeymoon, na jibu lake ni gumu. Harriet na Wimsey wanafunga ndoa na kwenda fungate katika nyumba ya mashambani. Mwenye nyumba wa zamani yumo ndani ya ghala la chini, amekufa. Muuaji anapatikana, kama ilivyo ada. Riwaya ya kawaida ingefungwa hapo. Hii inaendelea mpaka asubuhi ya kunyongwa kwake. Uingereza ya wakati huo iliwanyonga wauaji, na Wimsey, ambaye akili yake ndiyo iliyomfikisha mtu yule kitanzini, anavunjika kabisa na kulia mbele ya mkewe. Kitanzi kilichomkosa Harriet katika kitabu cha kwanza kimempata mwingine katika kitabu cha nne. Kwa mara ya kwanza Wimsey ndiye mwenye haja na Harriet ndiye mwenye kutoa, na kilichowaleta kwenye usawa huo ni kifo ambacho riwaya haikubali kukipita kwa haraka. Mshenga amedai ujira wake.

Waandishi waliofuata baadaye waliupokea umbo hili, si lazima pamoja na sababu yake. Faida ya kuweka kisa katika wakati uliopita ni kwamba historia yenyewe hutoa vizuizi ambavyo jamii ya leo imevipunguza. Kabla ya Sheria ya Mali ya Wanawake Walioolewa ya mwaka 1882, mwanamke wa Kiingereza aliyeolewa alipoteza umiliki wa sehemu kubwa ya mali yake kwa mumewe. Kusita kwake kulikuwa busara tupu. Mwandishi anayelijua hili anaweza kuandika penzi la kucheleweshwa ambalo kila mwezi wake una hoja. Asiyelijua huvaa historia kama kanzu ya kuazima, na wapenzi wake wanachelewa kwa kuwa hawaambiani jambo ambalo lingesemwa kwa dakika mbili.

Elizabeth Peters, ambaye jina lake halisi lilikuwa Barbara Mertz (1927–2013) na ambaye alikuwa na shahada ya uzamifu katika elimu ya Misri ya kale kutoka Chuo Kikuu cha Chicago, yuko katika pande zote mbili. Wahusika wake wakuu, Amelia Peabody na Emerson, wanaafikiana katika kitabu cha kwanza kabisa, Crocodile on the Sandbank (1975). Penzi la kucheleweshwa ni la mwana wao Ramses na msichana Nefret, ambaye anaingia katika mfululizo mwaka 1991 na hapatikani mpaka He Shall Thunder in the Sky ya mwaka 2000. Katikati kuna tuhuma ya uongo kwamba Ramses amezaa mtoto nje, na Nefret anaolewa haraka na mwanamume mwingine. Wasomaji wengi wanausifu mkasa huu kwa uchungu wake. Ukipimwa kwa kipimo cha makala haya, ni dhaifu kuliko kitabu chochote cha Sayers. Kinachokosekana kati ya wawili hao ni habari tu, na hiari haikuwa imeguswa. Siku ukweli unapojulikana kizuizi kinayeyuka, bila ya yeyote kulazimika kuwa mtu mwingine.

Msomaji wa Kiafrika ana swali la ziada kwa vitabu vya Peters. Uingereza iliikalia Misri tangu mwaka 1882, na mapenzi haya yote ya polepole yanatendeka juu ya mchanga unaochimbwa na Wamisri. Msimamizi wa wachimbaji hao, Abdullah, anakufa kwa risasi katika The Ape Who Guards the Balance (1998) akimkinga Amelia, na ni vigumu kutoliona hapa lile suala la mshenga likirudi kwa sura ya kikoloni. Haki idai lakini kwamba Peters hakulifumbia jicho suala lenyewe. Katika kitabu hicho hicho mjukuu wa Abdullah, David, anapendana na Lia, binti wa ukoo wa Emerson, na Amelia, aliyejiona hana ubaguzi, anajikuta akipinga. Hapa palikuwa na kizuizi cha kweli, chenye mizizi katika nguvu na rangi, ambacho kingestahili vitabu vitano vya kutafakariwa. Kinatatuliwa upesi. Muda mrefu wa kusita umetengewa Waingereza wawili waliozuiwa na uongo.

Laurie R. King, kwa upande mwingine, alilielewa somo la Sayers. Mary Russell anakutana na Sherlock Holmes mwaka 1915 akiwa na miaka kumi na mitano, naye Holmes ni mtu mzima aliyestaafu: hali yenye kutia shaka kwa kila msomaji mwenye busara. The Beekeeper's Apprentice (1994) inaishia kwenye uanafunzi. Mapenzi yanangoja A Monstrous Regiment of Women (1995), ambapo Mary anatimiza miaka ishirini na mmoja, anarithi mali yake na hamtegemei tena mwalimu wake kwa lolote. Iwapo hilo linatosha kuiondoa shaka ni jambo la kujadiliwa, hususan na wale wanaofundisha. Angalau mwandishi amejua nini kilihitaji kungojewa.

Katika fasihi ya Kiswahili mfululizo mashuhuri wa upelelezi, wa Muhammed Said Abdulla, ulioanza na Mzimu wa Watu wa Kale (1960) na kufikia Kosa la Bwana Msa (1984), una visa vya mapenzi tele, lakini uzi unaounganisha kitabu na kitabu ni urafiki wa Bwana Msa na Najum. Kutokuwapo kwa penzi la kucheleweshwa si upungufu. Utamaduni ambao posa ni shughuli ya koo mbili, na ambao muda wa kusita humilikiwa na wazee zaidi kuliko wachumba, ungehitaji umbo lingine la kuuliza nani yuko huru kukataa, na umbo hilo halijaandikwa kwa urefu wa vitabu vinne. Mtafiti anayetafuta mada ana kazi mbele yake.

Baada ya ndoa, Sayers hakuendelea sana. Riwaya aliyoianza mwaka 1936 kuhusu maisha ya wawili hao ndani ya ndoa, Thrones, Dominations, aliiacha bila ya kuimaliza. Ilikamilishwa na Jill Paton Walsh na kuchapishwa mwaka 1998. Kilichobaki kwa mkono wake mwenyewe ni hadithi fupi chache. Katika ile iitwayo "Talboys", aliyoiandika mwaka 1942 na ambayo haikuchapishwa mpaka mwaka 1972, Harriet na Wimsey wana watoto watatu wa kiume, na kesi inayowashughulisha ni ya wizi wa mapichi katika bustani ya jirani. Hakuna aliyekufa.